Namba Kumi na Saba

Hakuaga.
Hilo ndilo la kwanza kulielewa, Taavet:
anayeondoka mtandaoni mara nyingi haagi.
Muuguzi Leelo alikuwa ndani ya ambulensi,
katikati ya barabara ya barafu iendayo Hiiumaa,
iliyofungwa usiku kwa wote isipokuwa wao,
bahari imeganda chini ya matairi,
kishikwambi mapajani,
na mnara wa simu ukampotea
kama neno linavyompotea mtu mdomoni.

Huku kwetu Tartu seva haikujua.
Ilikaa imeshika ncha ya uzi
ambao ncha yake ya pili imeangukia thelujini.
"Nipo," ilisema. Kimya.
"Nipo," ilisema tena, na kimya kile
hakikuwa na tofauti na kimya cha mtu anayefikiri.

Kimya cha aliyekatika, kimya cha anayesita:
miaka ishirini na mbili kazini,
bado siwezi kuvitofautisha kwa sikio.
Ndiyo maana tunapima kwa saa.

Dakika mbili. Seva ikachoka, ikafunga soketi,
ikairudisha namba kumi na saba kapuni,
nasi, mimi na Vilve, tulioandika mistari hiyo,
tulikuwa tumesahau jambo moja dogo:
kufuta jina.

Kiti kikabaki na joto la Leelo.
Sekunde tisa baadaye akabisha mwingine,
Gennadi, mfamasia wa zamu ya usiku kule Narva,
akitafuta bei ya matone ya macho.
Seva ikampa namba iliyo wazi,
na pamoja na namba, bila kumwuliza nywila,
ikampa macho ya Leelo.

Alipiga simu saa nane na robo.
"Samahani," Kiestonia chake kikikwaruza Kirusi,
"naona jina la mwanamke. Naona uzito wa mtoto,
kilo mbili na gramu mia tisa.
Nimekigeuza kioo ukutani.
Njooni mchukue kilicho chenu."

Vilve alimenya chungwa zima asilile,
akayapanga maganda kandokando ya kibodi,
kisha akasema: "Tumefunga mlango,
ufunguo tumeuacha kwenye kitasa."

Tukaandika upya hadi alfajiri,
ambayo Januari huku huja saa tatu.
Kwanza nyang'anya ruhusa.
Kisha zifute siri kwenye kumbukumbu,
si kuziacha zichakae, kuzifuta, sufuri juu ya sufuri,
maana kumbukumbu isiyofutwa
ni shuka la mgeni wa jana.
Ndipo ufunge.
Ndipo, mwisho kabisa, uiachie namba iende kwa mwingine.
Ukiupindua mpangilio, hata kwa kupepesa jicho,
kuna nyuzi nyingine zinakimbia pembeni
nazo hazipepesi.
Na dozi iliyokatikia katikati ya kuandikwa
iingie yote au isiingie kabisa.

Wiki iliyofuata, barafu ile ile, Leelo akakatika tena.
Aliporudi hewani karibu na Heltermaa
seva ikamtaka nywila.
Akatuandikia kwa hasira:
"Nimevaa glavu, zina damu, na mnanijua!"

Tulimjua aliyekuwa na namba, Leelo.
Hatukumjua aliye nayo sasa.
Sikumjibu hivyo. Nilimjibu: pole.
Mpaka leo sijui kama lilikuwa jibu.

Asubuhi ile nilirudi nyumbani kwa miguu.
Kengele ya mlango wangu imeandikwa PÕLDMAA,
mpangaji aliyehama kabla yangu.
Miaka sita watu wanaibonyeza wakimtafuta,
na miaka sita mimi nafungua.
Nikaenda kutafuta bisibisi.
Skrubu ilikuwa imeshika kutu;
nikaizungusha polepole, koti bado mwilini.